Kabla Hujakifomati Tena

Mpwa wangu, ujumbe wako nimeusoma wote, na ule wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho ingawa nusu yake ni lawama. Umenunua kishikwambi kipya cha Windows chenye SSD, boksi linajisifu kwa kasi ya megabaiti 2,400 kwa sekunde, na wewe umekaa nje ya ukumbi ukiangalia video za harusi ya watu zikihamia humo kwa megabaiti 30. Unasema umepigwa. Yawezekana. Ila kabla ya kuniandikia ulikuwa umeshakifomati na kukirudia tena, umeweka programu ya kusafisha, umeongeza antivairasi juu ya ile iliyokuwemo, umeacha programu ya difragi ikikoroga usiku kucha, na umezima huduma za Windows kwa kufuata video ya kijana asiyejua hata kishikwambi chako ni cha aina gani. Mjomba amekumbukwa mwishoni, dawa zote zikiwa zimeshanywewa.

Sikukemei. Nimechoka tu, na uchovu huu si wako peke yako, nimekuwa nao tangu enzi za disketi. Watu huleta mashine, nami nikiuliza imepimwaje, najibiwa imefanywa nini. Hivi sasa hata nikikishika mkononi sitajua kipi kilitoka nacho kiwandani na kipi umekiongeza wewe. Kwa hiyo ombi langu ni dogo: mpaka umalize kusoma haya, usifute, usifomati, usipakue. Mama yako ameniambia umeshagombana na muuzaji. Hilo nalo lisimame kwanza.

Tuanze na ulichonunua. Chipu za flashi ni zile zile, lakini huunganishwa na kompyuta kwa njia mbalimbali, na njia ndiyo inayoweka dari la kasi. Ya chini ni eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye bodi, ambayo katika vishikwambi vya bei nafuu husoma megabaiti 250 hivi kwa sekunde, ikijitahidi sana 300. Juu yake kuna SATA, ambayo huishia 550 hivi hata ufanye nini. Kisha NVMe, inayopita kwenye njia za PCI Express: kizazi cha tatu chenye njia nne hukaribia 3,500, na chenye njia mbili hupata takriban nusu ya hapo. Pale Kariakoo zote hizo zinauzwa kwa jina la SSD, na wauzaji wengi hata hawadanganyi makusudi. Wanasema walivyoambiwa na aliyewauzia wao.

Wala usidhani ni mambo ya uchochoroni. Microsoft walipotoa Surface Go mwaka 2018, toleo la chini lilikuwa na RAM ya gigabaiti 4 na eMMC ya gigabaiti 64, na la juu RAM ya 8 na SSD ya 128. Umbo moja, kioo kimoja, jina moja. Aliyesoma sifa za la juu akalipia la chini hakudhulumiwa na mtu. Mwaka 2022 Apple wakatoa MacBook Pro ya inchi 13 yenye M2, na waliopima ile ya gigabaiti 256 wakakuta inasoma kwa takriban nusu ya kasi ya ndugu yake wa M1 aliyeitangulia. Hakukuwa na uchawi: badala ya chipu mbili za 128 palikuwa na moja ya 256, na kontrola hupata kasi yake kwa kuzisoma chipu kadhaa kwa mpigo. Ndiyo maana hifadhi ndogo huwa nzito kuliko kubwa ya jina lile lile, na ndiyo maana kwenye boksi pameandikwa “hadi” kabla ya namba. Ile 2,400 mara nyingi ni ya yule mkubwa wa ukoo. Wewe umenunua mdogo.

Basi fungua Device Manager, tazama chini ya Disk drives, unakili jina la modeli herufi kwa herufi, kisha ulitafute kwa aliyeitengeneza, si kwa aliyekuuzia. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakupa zaidi: aina ya muunganiko, joto, saa ilizofanya kazi tangu izaliwe, na jumla ya data iliyowahi kuandikwa humo. Zile saa zitazame kwa makini. Kishikwambi “kipya” chenye saa elfu tatu si kipya, na hapo mazungumzo yako ni na dukani, si na mimi. Ikiwa hifadhi yako haionekani humo kabisa, uwezekano mkubwa ni eMMC, nalo ni jibu.

Sasa ile 30 yako. Nilipoisoma nilicheka peke yangu mpaka mkaza mjomba akauliza kuna nini, kwa sababu sikuifikiria SSD hata kidogo. Nilifikiria waya. USB 2.0 ina dari la megabiti 480 kwa sekunde. Megabiti, mpwa wangu, si megabaiti. Gawa kwa nane upate 60, kisha utoe gharama za mazungumzo kati ya vifaa viwili, unabaki na 30 hadi 40. Namba hiyo nimeikuta mara nyingi mno kwa watu wanaolalamikia diski. Nawe utaniambia kishikwambi chako kina tundu la USB-C la kisasa. Najua. Tundu ni umbo tu. Waya unaokuja na chaja mara nyingi umefungwa nyuzi za umeme na zile za USB 2.0 peke yake, na hata uuchomeke kwenye tundu la gigabiti 10 hautajifunza lugha nyingine. Waya wa kubebea data kwa kasi huwa mnene kidogo, mfupi, na umeandikwa uwezo wake. Wa chaja huwa mrefu na laini, ndio unaopendwa.

Halafu kuna kadi ya kamera. Nyingi mnazotumia ninyi wapiga video ni za aina ya UHS-I, na njia hiyo ina dari la megabaiti 104 kwa sekunde. Za bei ya chini hazilisogelei dari lenyewe. Kisoma kadi nacho kikiwa cha USB 2.0, umerudi pale pale kwenye 30. Mzigo ukitoka kwenye kadi, ukapita kwenye kisoma, ukapita kwenye waya, ukaingia kwenye SSD, wote utakwenda kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wenzake. Wewe umemkamata wa mwisho katika mstari kwa sababu ndiye uliyemlipia fedha nyingi.

Ili kumtoa lawamani, au kumtia hatiani kwa haki, mpime akiwa peke yake. Chomoa kila kitu isipokuwa chaja, funga programu zote, endesha CrystalDiskMark kwenye hifadhi ya ndani. (Mjapani aliyeiandika anajiita hiyohiyo, na usicheke, programu yake inatumiwa dunia nzima.) Utapata mistari minne. Wa juu ni kusoma na kuandika faili kubwa kwa mfululizo, na huo ndio unaolinganishwa na boksi. Wa chini kabisa ni vipande vidogo vya kilobaiti 4, kimoja kimoja, bila foleni, na hapo hata NVMe nzuri huonyesha makumi tu ya megabaiti. Usishtuke ukapiga kelele. Huo ndio ukweli wa flashi zote, na ndiyo sababu folda yenye picha ndogo elfu kumi huhama kwa kujivuta kuliko video moja yenye uzito ule ule. Hata ufomati mara ngapi, picha hizo zitabaki hivyo.

Mstari wa juu ukisoma 1,800, SSD yako nzima, nenda kanunue waya. Ukisoma 280, rudi kwenye jina la modeli. Ukisoma 400 ilhali modeli inaahidi 2,000, sasa ndiyo tuna jambo la kuzungumza.

Na la kwanza katika jambo hilo ni wewe mwenyewe. Kishikwambi kikiwashwa mara ya kwanza huwa na kazi nyingi ambazo hazionekani kwenye kioo. Kinashusha masasisho ya Windows na ya viendeshi, kinapanga faharasa ya kutafutia mafaili, Defender inakagua kila inachokutana nacho, OneDrive inavuta mafaili yako ya zamani kutoka mtandaoni, na vishikwambi vingi siku hizi huanza kuisimba data kwa BitLocker pindi unapoingia na akaunti ya Microsoft. Kazi hizo zote zinaiomba SSD ile ile, kwa vipande vidogo vidogo, ambavyo nimeshakwambia ndivyo vinavyoiumiza. Kwa mashine yenye nguvu ni saa chache. Kwa kishikwambi chenye prosesa ya kubana umeme na intaneti ya kununua kwa vifurushi, ni siku. Na wewe kila ulipofomati uliirudisha kazi hiyo nzima mwanzo, kisha ukalalamika kwamba hata baada ya kufomati bado ni kizito! Mwenye pupa hadiriki kula tamu, wahenga hawakuwa na SSD lakini walikujua.

Kinachotakiwa ni usiku. Kichomeke kwenye umeme, kiunganishe na intaneti isiyokatika, kizuie kulala kikiwa kwenye chaja, weka mezani pasipo mfuniko wake wa ngozi, kalale. Asubuhi kiwashe upya, ruhusu masasisho yaliyobaki, kiachie tena. Ndipo upime.

Ukiwa unasubiri, fungua Task Manager uone nani anafanya nini. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ile asilimia iliyo kando ya Disk haisemi SSD imefika kasi yake ya juu. Inasema ni sehemu gani ya muda SSD imekuwa na shughuli. Inaweza kuwa asilimia 100 huku ikihamisha megabaiti tano tu, kwa sababu inashughulikia maombi madogo mengi. Kwa hiyo tazama pia megabaiti kwa sekunde na muda wa kujibu, na zaidi ya vyote tazama Memory. Kama RAM yako ni gigabaiti 4 na imejaa asilimia 90, basi Windows inahamishia mabaki kwenye SSD na kuyarudisha kila unapobadili dirisha. Diski itaonekana inahangaika, na kweli inahangaika, lakini kosa si lake. Gigabaiti 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuingia, na kukubali kuingia si sawa na kufanya kazi ya kuhariri video. Hapo hakuna mpangilio wa kubofya utakaokuokoa. Ni kufunga vichupo vya kivinjari na kuvumilia, au kubadilisha kifaa.

Nije kwenye flashi yenyewe, maana hapo ndipo difragi yako ilipoharibu. Chipu hizi za NAND zilitokana na kazi ya Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, aliyeziwasilisha mbele ya wenzake mwaka 1987. Zina tabia moja ambayo diski za zamani hazikuwa nayo: haziwezi kuandika juu ya maandishi. Chukua daftari la mikopo la Mangi wa mtaani kwenu, lililoandikwa kwa wino usiofutika. Mteja akilipa, Mangi hawezi kuusugua mstari ule na kuandika mwingine palepale, anaukata tu. Karatasi ikijaa mistari iliyokatwa, hunakili madeni machache yaliyo hai kwenye karatasi mpya akipata nafasi, kisha ndipo anaichana ile ya zamani. SSD huandika mstari mmoja mmoja lakini huchana karatasi nzima, na kila karatasi ina mamia ya mistari. Duka likiwa tulivu, kunakili na kuchana hufanyika bila mteja kujua. Wakijaa mlangoni, na karatasi tupu zikawa zimekwisha, kila anayekuja kukopa chumvi lazima asubiri karatasi inakiliwe na kuchanwa kwanza.

Kuna ugumu mwingine. Unapofuta faili, Windows huandika tu kwamba nafasi ile iko huru, SSD haijui. Itaendelea kuinakili video uliyoifuta mwezi uliopita kana kwamba ni deni hai. Amri inayoijulisha inaitwa TRIM, na Windows imekuwa nayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Waliokuwa na vishikwambi vya Nexus 7 vya mwaka 2012 walikiona cha moto: vilianza vikiwa vyepesi, baada ya miezi vikawa vinajikokota, na wengi wakafomati kama wewe. Android 4.3 ilipotoka Julai 2013, Google waliongeza kazi ya kupeleka TRIM kifaa kikiwa kimelala na kina chaji ya kutosha. Kifaa kilichokuwa kikizimwa kila usiku kuokoa betri hakikupata nafasi hiyo. Uangalie ushahidi wako mwenyewe: fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, na kwenye mstari wa NTFS utafute 0. Sifuri ina maana TRIM inafanya kazi. Ukiona 1, imezimwa, na tutajua nani aliizima. Kisha fungua Optimize Drives, hakikisha hifadhi imetambuliwa kuwa Solid state drive na ratiba ya kila wiki haijaondolewa. Kubofya Optimize hapo hakuna dhara, Windows ya sasa inajua tofauti na itapeleka TRIM. Dhara ni ile programu ya pembeni inayopanga vipande kama vile bado kuna kichwa kinachosafiri juu ya sahani inayozunguka. Katika SSD hakuna kichwa wala safari. Umeandika upya data nzima bure na kupunguza umri wake.

Acha nafasi. Sisemi kwa mapenzi ya usafi. Hifadhi ya gigabaiti 64 iliyobakiwa na gigabaiti 3 haina karatasi tupu za kufanyia kazi. Mimi huwaambia watu waache sehemu ya tano wazi, na huwa hawaachi.

Na kuna jambo ambalo ninyi wa harusi linawahusu kuliko wanafunzi au makarani. SSD za leo hujaza biti tatu au nne katika kila seli ili ziwe rahisi, na kuandika biti nne mahali pamoja ni kazi ya taratibu. Kwa hiyo kontrola hutenga sehemu, huandika humo biti moja moja kwa kasi, na kuzipanga baadaye ukiwa umepumzika. Sehemu hiyo ikijaa kabla hujamaliza kunakili, pazia linaanguka. Samsung hawakuficha hili kwenye 860 QVO yao ya terabaiti 1: waliandika wenyewe kwamba huandika megabaiti 520 kwa sekunde, na kwamba eneo la haraka lenye gigabaiti 42 likijaa, hushuka mpaka 80. Sasa piga hesabu. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde huzaa gigabaiti 45 kwa saa. Saa moja ya harusi, kamera moja, na eneo limeshajaa, kabla hata bibi harusi hajaingia ukumbini kwa mwendo wao ule wa kuhesabu hatua. Eneo lenyewe hupungua kadiri hifadhi inavyojaa. Jaribio la CrystalDiskMark la gigabaiti 1 haliwezi kuliona hili. Litakuonyesha kasi ya mlangoni tu.

Ndiyo maana nakuomba, siku utakayonakili tena, bofya More details kwenye lile dirisha la kunakili uutazame mchoro badala ya kuukasirikia. Umbo lake linazungumza. Ukiwa chini na umenyooka tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, ni waya, kisoma au kadi. Ukianza juu, ukaenda vizuri kwa gigabaiti kadhaa, kisha ukaanguka na kubaki chini, eneo la haraka limejaa; pumzika, acha kishikwambi kwenye umeme kijipange, uendelee baadaye. (Kilele cha sekunde chache za mwanzo kisikudanganye, hiyo ni RAM inapokea kwa niaba.) Ukipanda na kushuka kama meno ya msumeno, na mgongo wa kifaa unaunguza, ni joto. Ukiwa chini kwa mafaili madogo na juu kwa makubwa, hakuna ugonjwa.

Joto nisilipite kwa haraka, kwa kuwa hujafikiria kabisa kwamba unafanya kazi Dar es Salaam mwezi Januari. Kontrola ya NVMe ikifika nyuzi 70 au 80 hivi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kompyuta ya mezani ina feni. Vishikwambi vingi havina, vinatoa joto kwa mgongo, na mgongo wa chako wewe umeuvika ngozi na kuulaza juu ya godoro. Pia angalia hali ya betri. Kikiwa kwenye hali ya kubana umeme, prosesa na njia ya PCI Express zote hupunguziwa nguvu, na vipimo vitakuja chini hata kama hakuna kilichoharibika. Pima kikiwa kwenye chaja yake halisi, si ile uliyoazima kwa mpiga picha mwenzako.

Kuna wakati kweli mtengenezaji ndiye mkosaji, na sitaki uondoke ukidhani mjomba anawatetea. Samsung 840 EVO ilitoka mwaka 2013, na mwaka uliofuata wenye nazo wakaanza kuona jambo la ajabu: mafaili mapya yalisomeka kwa kasi, yale yaliyokaa miezi bila kuguswa yakasomeka kwa shida. Hawakufomati. Walipima kasi ya faili kwa umri wake, wakaweka michoro mezani, na kampuni ikalazimika kutoa programu mpya ya ndani ya SSD Oktoba 2014, na nyingine tena Aprili 2015 kwa kuwa ya kwanza haikutosha. Kwa hiyo masasisho ya mtengenezaji wa kishikwambi, ya BIOS na ya SSD, yachukue, lakini kutoka kwenye tovuti yake tu.

Kabla ya hapo, kimoja. Nenda kwenye akaunti yako ya Microsoft utafute ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48, uunakili kwenye karatasi. Najua utaingia BIOS. Umeshasoma mahali kwamba kubadili hali ya hifadhi kutoka RAID kwenda AHCI huongeza kasi, na mkono unakuwasha. Ukibadili bila kuiandaa Windows, haitawaka, au itakuomba tarakimu hizo, na video za harusi ya watu zimo ndani zimefungwa. Usifungue fumbo ambalo jibu lake huna. Ule usimbaji nao hupunguza kasi kiasi, hasa kwa vipande vidogo, na kuna watu watakushauri uuzime. Kifaa kinachosahauliwa kwenye daladala kikiwa na sura za wateja wako, mimi nisingeuzima.

Ulivyoviongeza uviondoe: antivairasi ya pili, msafishaji, difragi. Huduma ulizozima uzirudishe. Hizo si dakika nyingi.

Ikiwa baada ya usiku wa kutulia, kikiwa kwenye umeme, kimepoa, kina nafasi, TRIM iko sifuri, bado mstari wa juu uko chini sana ya ahadi ya modeli ile ile, piga picha ya kioo, ukipime tena kesho yake, uende dukani na picha zote mbili na ukurasa wa mtengenezaji. Muuzaji aliyekukatalia ulipopiga kelele atapata shida kuikatalia karatasi. Usimpe fundi akifungue kwanza. Vioo vya vishikwambi vimegundishwa, na mkwaruzo mmoja pembeni unaipa dhamana sababu ya kukukimbia. Vipo vichache vyenye mlango mdogo nyuma, kama Surface Pro 7+ na Surface Pro 8, ambamo SSD fupi ya milimita 22 kwa 30 hutolewa na kuwekwa nyingine. Chako kikiwa na mlango huo, tutatafuta ya terabaiti 1 taratibu. Kikiwa hakina, hifadhi hiyo ndiyo utakayozeeka nayo, na video nzito utaziweka kwenye SSD ya nje, kwa waya unaostahili. Risiti unayo?